Mount Grace: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu monasteri ya Wakartusi na magofu yake

## Mambo ya msingi

Mount Grace ni nini, na iko wapi?

Ni magofu ya monasteri ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1398 huko Yorkshire ya Kaskazini, Uingereza, chini ya kilima chenye msitu karibu na kijiji cha Osmotherley. Walioishi humo walikuwa Wakartusi, watawa wanaojulikana kwa kushika upweke na ukimya kuliko karibu wote katika Kanisa la Magharibi. Monasteri ilidumu miaka 141. Ilifungwa mwaka 1539, wakati Mfalme Henry VIII alipofutilia mbali maisha ya kitawa nchini mwake.

Kati ya monasteri zote za Wakartusi zilizowahi kuwepo Uingereza, hii ndiyo iliyosalia vizuri zaidi. Lakini anayekwenda akitarajia kanisa kubwa la kutisha kama la Rievaulx au Fountains, abasia mbili maarufu za mkoa huohuo, atashangaa. Kanisa la Mount Grace ni dogo. Thamani ya mahali hapa iko kwenye vijumba vya wamonaki, kuta za bustani zao, mifereji ya maji na vitundu vya kupitishia chakula. Nadhani hakuna mahali pengine Uingereza ambapo mtu anaweza kusoma maisha ya mtawa mmoja mmoja kwa undani namna hii, na ndiyo maana nashauri watu waende polepole.

Wakartusi ni akina nani?

Shirika lao lilianza mwaka 1084, Bruno wa Cologne alipokwenda na wenzake sita kwenye bonde la Chartreuse, katika milima ya Alpi nchini Ufaransa. Walitaka kuishi kama wakaapweke wa jangwani wa kale, lakini bila kukosa kabisa msaada wa jumuiya. Kwa hiyo kila mmoja ana nyumba yake ndogo, anasali, anasoma, anafanya kazi na kula humo peke yake, halafu wote wanakutana kanisani kwa vipindi vichache vya siku.

Uingereza walifika kwa hisani ya Mfalme Henry II, aliyewajengea nyumba ya kwanza huko Witham baada ya mauaji ya Askofu Mkuu Thomas Becket. Hawakuongezeka haraka. Nyumba zao Uingereza zilifika tisa tu, na sita kati ya hizo, Mount Grace ikiwemo, zilianzishwa baada ya tauni kuu ya 1348 na 1349. Matajiri wa kizazi kile walikuwa wameona kifo kwa macho, na wengi wao waliona sala za watu wenye maisha magumu ndizo zingewafaa zaidi roho zao.

Kwa nini mkuu wake aliitwa priori, si abate?

Wasomaji wanaozifahamu Peramiho na Ndanda wamezoea abasia, yaani nyumba kubwa ya Wabenedikto inayoongozwa na abate. Wakartusi hawana abate hata mmoja. Kila nyumba inaongozwa na priori, na hata mkuu wa shirika zima, anayekaa Grande Chartreuse, monasteri yao mama kule bonde la Chartreuse, ni priori vilevile. Katika mashirika mengine nyumba ya priori mara nyingi huwa tawi la abasia fulani. Mount Grace haikuwa chini ya abasia yoyote.

## Mwanzilishi na mali

Nani aliianzisha?

Ni Thomas Holland, Duke wa Surrey. Babake alikuwa kaka wa Mfalme Richard II kwa upande wa mama, hivyo mfalme alikuwa baba yake mdogo. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu aliyepandishwa cheo haraka na kupewa mali nyingi. Priori wa kwanza aliitwa Robert Tredewye.

Bahati ya Holland haikudumu. Mwaka 1399 Richard aliondolewa kwenye kiti na Henry IV akatawala. Holland alinyang'anywa udyuki, na Januari 1400 akajiunga na njama ya kumuua mfalme mpya kule Windsor. Njama ikavuja. Waliokula njama wakakimbia hadi mji wa Cirencester, na huko wenyeji wakawakamata na kumkata Holland kichwa. Mwili wake ulizikwa hukohuko, na ilipofika 1412 ndipo mabaki yake yalipohamishiwa Mount Grace.

Kifo chake kiliiathirije monasteri?

Karibu kiiue. Nyumba ilikuwa na umri wa chini ya miaka miwili, mfadhili wake amekufa kama msaliti, na hati zake za mali zikawa na mashaka. Zaidi ya hapo, sehemu ya mapato yake ilitokana na mashamba ya nyumba ndogo zilizokuwa chini ya monasteri za Ufaransa. Uingereza na Ufaransa zilikuwa vitani, kwa hiyo hakuna aliyejua mali za aina hiyo zingeishia mikononi mwa nani.

Nafuu ilikuja chini ya Henry V. Mwaka 1414 nyumba hizo za Kifaransa zilifutwa rasmi, na mnamo 1415 Thomas Beaufort, baba mdogo wa mfalme na baadaye Duke wa Exeter, akaichukua Mount Grace mikononi mwake. Alileta mapato mapya na wamonaki wakaongezeka, hata vikahitajika vijumba vingine kusini mwa ua mkuu. Kwa haki anaitwa mwanzilishi wa pili. Mengi ya yale yanayoonekana leo yasingekuwepo bila yeye.

## Maisha ndani ya kijumba

Kijumba cha mmonaki kilikuwaje?

Usifikirie chumba kidogo chenye kitanda na msalaba. Kilikuwa nyumba ya mawe ya ghorofa moja juu, kila upande ukikaribia mita 8, yenye bustani yake iliyozungushiwa ukuta mrefu. Chini kulikuwa na sebule yenye meko, chumba cha kusomea, na chumba cha kulala chenye pembe ya kusalia. Juu kulikuwa na nafasi ya kazi za mikono. Vijumba hivi vilipangwa kuzunguka ua mkuu, milango yote ikifunguka kwenye baraza lililoezekwa.

Kwa viwango vya miaka ya 1400, mmonaki wa Mount Grace alikuwa na nyumba bora kuliko watu wengi wa Yorkshire. Hilo huwachanganya wageni, kwa kuwa wamesikia Wakartusi walikuwa maskini. Umaskini wao ulikuwa kwenye chakula, mavazi na usingizi. Nyumba ilikuwa imara kwa sababu mtu angefungiwa humo mpaka kufa, na mtu hawezi kukaa peke yake miaka thelathini katika kibanda kinachovuja bila kuvunjika moyo.

Chakula kiliwafikiaje bila kuonana na mtu?

Kando ya kila mlango kuna kitundu cha mraba ukutani. Ukiingiza mkono hauendi moja kwa moja hadi ndani. Unagota kwenye jiwe, kisha tundu linakata kona na kufungukia upande wa pili. Mhudumu aliweka mkate na sahani upande wake akaenda zake, naye mmonaki akavichukua upande wake. Kwa sababu ya ile kona hawakuweza kuonana hata kwa bahati mbaya. Hawakulazimika kujizuia kutazamana, maana fundi mwashi alishawamalizia kazi hiyo. Kati ya vyote vilivyobaki hapa, hiki ndicho ningemwonyesha mgeni kwanza.

Chakula chenyewe kilikuwa mkate, mboga, kunde, samaki na mayai. Nyama haikuliwa kamwe, hata na wagonjwa. Sehemu kubwa ya mwaka walikula mlo kamili mara moja tu kwa siku, na kulikuwa na siku za mkate na maji.

Kweli kila mmoja alikuwa na maji ya bomba na choo chake?

Ndiyo. Chemchemi za kilimani nyuma ya monasteri zilijengewa vibanda vya mawe, na maji yakateremshwa kwa mabomba hadi kwenye mnara wa maji katikati ya ua mkuu. Kutoka hapo yaligawanywa kijumba kwa kijumba. Maji ya mkondo mwingine yalipita kwenye mfereji nyuma ya bustani.

Choo kilikuwa mwisho wa bustani, kimejengwa kupenya ukuta wa nyuma ili uchafu uangukie kwenye mfereji huo unaotiririka muda wote. Mmonaki alikifikia kwa kupita ujia ulioezekwa, asiloweshwe na mvua. Ukizunguka nje ya ukuta leo utaviona vyoo hivyo vikijitokeza kwa safu, kimoja kwa kila bustani.

Mafundi hawakufanya yote haya kwa anasa. Kisima cha pamoja kingewakutanisha watu kila asubuhi, na choo cha pamoja hali kadhalika. Ili mtu aachwe peke yake, ilibidi maji yamfuate nyumbani.

Hawakuonana wala kuongea kabisa?

Walionana. Usiku waliamka na kwenda kanisani kusali masifu marefu, wakarudi tena kwa Misa, na jioni kwa masifu ya jioni. Sala za vipindi vingine kila mmoja alizisali kijumbani mwake kengele ilipolia. Jumapili na sikukuu walikula pamoja katika ukumbi wa chakula huku mmoja akisoma kwa sauti. Kulikuwa na nafasi za kuzungumza, lakini zilipimwa na kanuni.

Nani alilima, kupika na kupokea wageni?

Mabruda, yaani watawa wasio mapadre, pamoja na watumishi wa kuajiriwa. Upande wa kusini wa eneo kuna ua mwingine wenye mabaki ya maghala, mazizi, jiko na lango kuu. Huko kulikuwa na kelele, wanyama na mikokoteni. Wageni walilala huko pia, mbali na vijumba. Wageni wengi hupita ua huu haraka, na ni kosa, kwa sababu bila kazi ya watu wa huku upweke wa kule usingewezekana hata wiki moja.

Walishinda wakifanya nini?

Kusali, kusoma, kulima bustani, na zaidi ya yote kuandika. Kanuni za Wakartusi za tangu mwanzo zinawaambia kwamba, kwa kuwa hawahubiri kwa mdomo, wahubiri kwa mikono kwa kunakili vitabu. Wachimbaji wa mambo ya kale wamepata ndani ya vijumba vifaa vya kuandikia na kutengenezea vitabu.

## Vitabu vya Mount Grace

Ni vitabu gani maarufu vilivyotoka hapa?

Kinachojulikana zaidi ni maisha ya Yesu kwa ajili ya kutafakari, yaliyoandikwa kwa Kiingereza na Nicholas Love, priori wa miaka ya mwanzo ya 1400. Aliyatoa kwenye kitabu cha Kilatini kilichopendwa sana Ulaya, akapunguza na kuongeza mambo yake. Mnamo 1410 Thomas Arundel, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliidhinisha kisomwe na waumini wa kawaida. Wakati huo Kanisa lilikuwa likipambana na wafuasi wa John Wycliffe, waliotaka Biblia kwa Kiingereza, na kitabu cha Love kilitumika kama jibu. Nakala zake za mkono zaidi ya 50 zipo hadi leo, idadi kubwa sana kwa kitabu cha zama zile.

Baadaye aliishi hapa Richard Methley, aliyejiunga mwaka 1476 na kuandika kuhusu mang'amuzi yake ya sala. Huyo hasomwi sana nje ya vyuo, na anastahili zaidi ya hapo.

Je, Margery Kempe aliishi Mount Grace?

Hapana. Swali linarudi kwa sababu nakala pekee kamili ya kitabu chake, ambacho wengi hukiita tawasifu ya kwanza kwa Kiingereza, ilikuwa mali ya monasteri hii, na imeandikwa hivyo ndani yake. Margery alikuwa mama wa watoto kumi na wanne kutoka mji wa Lynn, mkoa wa Norfolk, aliyehiji hadi Yerusalemu na aliyelia kwa sauti makanisani hadi watu wakamchoka.

Kinachogusa ni kwamba wamonaki walikisoma kwa makini. Pembeni mwa kurasa kuna maelezo yao kwa wino mwekundu, na mahali pengine wanalinganisha mambo ya Margery na ya Methley. Wanaume walioapa kunyamaza walimsikiliza mwanamke aliyefukuzwa kwa kelele zake. Nakala ilipotea machoni pa wasomi hadi 1934, ilipogunduliwa nyumbani kwa familia moja. Sasa iko Maktaba ya Uingereza, London.

## Kufungwa kwa monasteri

Kwa nini haikufungwa 1536 pamoja na nyingine ndogo?

Sheria ya 1536 ililenga nyumba zenye mapato chini ya pauni 200 kwa mwaka. Katika hesabu ya serikali ya 1535 Mount Grace ilikutwa na pauni 323, ikanusurika kwa muda. Desemba 1539 priori wa mwisho, John Wilson, alitia saini hati ya kuikabidhi kwa mfalme. Alipewa pensheni ya pauni 60 kwa mwaka pamoja na nyumba na kikanisa kilichoko juu ya kilima.

Kwa nini Wakartusi wa London waliuawa na hawa hawakuuawa?

Wote waliwekewa sharti moja, kumkubali mfalme kuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza. John Houghton, priori wa London, alikataa, akanyongwa na kukatwakatwa huko Tyburn, London, tarehe 4 Mei 1535 pamoja na mapriori wa Beauvale na Axholme, nyumba nyingine mbili za Wakartusi. Hadi 1540 Wakartusi kumi na wanane walikuwa wamekufa, baadhi kwa njaa na uchafu gerezani. Wawili wa London walipelekwa kaskazini na kunyongwa York mwaka 1537, mwendo wa siku moja au mbili tu kutoka Mount Grace.

Wilson na wenzake walisitasita, kisha wakaapa. Baadhi ya waandishi wa Kikatoliki wamewahukumu kwa hilo. Mimi siwahukumu. Walijua yaliyowapata wenzao, na baadhi yao, Malkia Mary alipofufua nyumba ya Wakartusi ya Sheen katika miaka ya 1550, walirudi utawani ingawa walikuwa wazee wenye pensheni. Anayerudi hivyo hakuwa ameacha kuamini.

## Kilichobaki leo

Nikifika nitaona nini?

Utaingilia kwenye jumba la makazi (tazama swali linalofuata). Ukitoka nyuma yake unafika ua wa nje, kisha kanisa. Kuta zake na mnara wake mwembamba, ulioongezwa baadaye juu ya matao katikati ya jengo, bado vimesimama. Kaskazini mwa kanisa ndiko kwenye ua mkuu, wenye kuta za vijumba kwa urefu tofauti, baadhi hadi kwenye matao ya milango, na vile vitundu vya chakula. Vibanda vya chemchemi viko juu kwenye mteremko.

Lile jumba la makazi ni la wamonaki?

Sehemu yake. Lilikuwa jengo la wageni la monasteri. Mwaka 1654 Thomas Lascelles aliligeuza kuwa nyumba yake, na herufi za jina lake na mwaka huo zimechongwa juu ya mlango. Nyumba zilizojengwa katika miaka ile ya utawala bila mfalme ni chache Uingereza, kwa hiyo lina thamani yake lenyewe.

Mwaka 1898 Sir Isaac Lowthian Bell, tajiri wa viwanda vya chuma, alilinunua na kulipanua kwa mtindo wa mafundi wa enzi yake waliopenda kazi ya mkono. Mjukuu wake ni Gertrude Bell, anayejulikana kwa nafasi yake katika kuundwa kwa Iraki.

Kijumba namba 8 ni cha asili?

Kuta za chini ni za asili. Sehemu ya juu, paa, sakafu na ngazi ni kazi ya Bell, aliyekijenga upya mwanzoni mwa karne ya 20 kufuatana na uchimbaji wa William St John Hope wa miaka ya 1896 hadi 1900. Samani zilizomo zimetengenezwa baadaye ili kuonyesha maisha ya mmonaki, kitanda cha mfumi, yaani cha kufumia nguo, kikiwa ghorofani. Kama ujenzi mpya unakukera, kiangalie mwisho, baada ya kukagua vile vilivyobaki magofu. Mimi naona kinasaidia, hasa kwa watoto.

Nani anapatunza?

Mali iko chini ya National Trust tangu 1953, na uendeshaji uko kwa English Heritage. Wanachama wa mashirika yote mawili huingia bure, wengine hulipa kiingilio. Saa za kufunguliwa hubadilika kwa msimu, hivyo zihakikishe kabla ya safari.

## Maswali ya pembeni

Jina lina uhusiano na maandamano ya Pilgrimage of Grace?

Hapana. Uasi ule wa watu wa kaskazini dhidi ya Henry VIII ulitokea 1536, na monasteri ilikuwa na jina lake tangu 1398.

Naweza kusali hapo?

Kwenye magofu hakuna ibada za kila siku, wala hakuna anayekuzuia kusali kimya. Kama unatafuta mahali panapotumika, panda hadi kikanisa cha Mama Yetu kilichoko juu ya kilima, kilekile alichopewa Wilson. Mahujaji waliendelea kukiendea kwa siri hata Ukatoliki ulipopigwa marufuku, na katika karne ya 20 kikakarabatiwa. Wakatoliki bado wanahiji huko.

Nafikaje bila gari?

Kituo cha treni kinachofaa ni Northallerton, kisha teksi. Magofu yako kando kabisa ya barabara kuu ya A19, lakini usijaribu kutembea kwa miguu kando yake, magari yanakwenda kasi. Wapanda milima wanaweza kuteremka kutoka njia ya miguu ya Cleveland Way kupitia Osmotherley. Vaa viatu vya kushika matope, kwa kuwa maji ya zile chemchemi bado yanatiririka kilimani.